Hakuna Aliyeibiwa

Ilikuwepo nchi moja, na ingali ipo, maana nchi za namna hiyo hazina desturi ya kwisha. Jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga, la hasha. Ni kwa heshima tu, kwa sababu viongozi wake ni watu wenye haya na hawapendi kutajwatajwa. Anayeifahamu ataitambua, na asiyeifahamu amshukuru Mungu wake, ale chakula chake alale.

Katika nchi hiyo wizi ulikuwa umekomaa. Sufuria ya maharage iliibwa jikoni ikiwa bado inachemka, na mwenyewe akirudi na chumvi kiganjani alikuta mafiga matatu na moshi. Kengele ya shule iliibwa, watoto wakakaa darasani mpaka jua likazama kwa kukosa wa kuwaruhusu. Kituo cha polisi cha mtaa wa Kibwagizo kiliibiwa mlango, na kwa kuwa hapakuwa tena na mlango wa kufunga, askari hawakuthubutu kutoka kwenda kuwatafuta wezi, wasije wakaibiwa hata madirisha. Serikali haikukaa kimya. Iliunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikaibiwa viti ikashindwa kukaa.

Ndipo Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Kashindye Songoro, alipokwenda ng'ambo kutafuta dawa. Alikaa huko muda wa kutosha kubadilisha suti na mwendo wa kutembea, akarudi na Profesa Tabaro. Profesa alikuwa mtoto wa nchi hiyo hiyo, ila alikuwa amekaa ughaibuni kiasi kwamba akipewa shikamoo aliitikia kwa kutikisa kichwa. Elimu aliyokuja nayo iliitwa Mbinu za Uvumbuzi wa Kutatua Matatizo. Huko ilikotoka, Waziri alieleza redioni, wahandisi waliibuni kwa ajili ya mitambo. Lakini binadamu naye ni mtambo, tofauti yake ni kwamba analalamika.

Siku ya kuzindua Mbinu, watu wote wa mji mkuu waliamriwa kwenda uwanja wa taifa. Bi Sikudhani wa Kibwagizo alizima mashine yake ya kusaga, akajipangusa unga usoni, akatia kufuli mlangoni na kufuatana na wenzake. Alikuwa mjane, mtu wa makamo ya mwisho mwisho, na nyumbani kwake walikuwemo wajukuu aliowachukua baada ya binti yake kufariki. Mashine hiyo ndiyo iliyowalisha, ndiyo iliyowavisha na ndiyo iliyowapeleka shule. Mtaa mzima walisaga kwake, mpaka mke wa koplo wa polisi.

Uwanjani Profesa Tabaro alipanda jukwaani na fimbo ya kuonyeshea, ingawa hapakuwa na kitu cha kuonyesha.

"Ndugu wananchi," alisema, "ndani ya kila tatizo kuna mgongano. Tunataka polisi amkamate mwizi. Lakini mwizi anakimbia, na polisi wetu, kwa sababu za kiutumishi, hakimbii."

Askari waliokuwa wamepangwa mstari wa mbele wakavuta matumbo ndani.

"Mtu asiye mvumbuzi atasema tumfundishe polisi kukimbia. Huo ni mzigo kwa taifa. Mbinu zetu zinasema: tumia kilichopo. Na zinasema tena: geuza kinyume. Sasa nawauliza. Ili wizi utokee lazima wawepo watu wawili, anayeiba na anayeibiwa. Ukimwondoa mmoja wao, hapana wizi. Yule wa kwanza anajificha, hana makazi, na majina yake ni ya uongo. Huyu wa pili anakuja kituoni mwenyewe, kwa miguu yake, anataja jina lake la kweli na nyumba anayolala. Yupi kati yao ni rahisi kumkamata?"

Waziri Songoro akasimama, akapiga makofi, na kwa kuwa Waziri amepiga makofi, uwanja mzima ukapiga makofi. Bi Sikudhani naye alipiga. Hakuwa ameelewa, lakini alikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba kuelewa hakukuwa sharti.

Basi, wezi nao husikiliza redio. Walijua kwamba siku hiyo Kibwagizo nzima iko uwanjani inafundishwa namna ya kukomesha wizi, na walifanya kazi kwa raha zao, bila haraka, wengine wakipika chai katika nyumba walizoingia. Bi Sikudhani aliporudi alikuta kufuli limelazwa vizuri kizingitini. Ndani ya kibanda, mkanda wa mashine ulikuwa unaning'inia, na pale mota ilipokuwa imekaa miaka yote palibaki alama ya mafuta sakafuni na boliti zake zimepangwa pembeni. Mwizi alikuwa mtu nadhifu.

Mota hiyo waliinunua yeye na marehemu mumewe, walipouza ng'ombe wao wa mwisho, na ubavuni ilikuwa na doa kubwa la rangi ya kijani lililomwagika siku walipokuwa wanapaka mlango. Bi Sikudhani alikaa chini palepale penye mafuta akalia. Wajukuu walisimama mlangoni wakimtazama, na yule mkubwa akauliza kama kesho waende shule au wasiende.

Alijifunga khanga yake akaenda kituoni. Kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kubisha, aliingia moja kwa moja hadi kaunta, alikosimama Koplo Libenanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeibiwa."

Koplo akatazama nyuma, akatazama dirishani. "Mama, hapo sijasikia kitu."

"Nimesema nimeibiwa. Mota yangu ya mashine."

"Mama, naomba tuanze upya. Shikamoo."

"Marahaba. Nimeibiwa mota, Libenanga. Mkeo juzi kasaga kwangu, leo unanifanya bubu?"

Koplo aliinama juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hukwenda uwanjani?"

"Nilikwenda."

"Ukasikia walichosema?"

"Nilipiga makofi."

"Basi ndicho hicho ulichokipigia makofi. Rudi nyumbani, mama yangu. Hujaibiwa. Mota imechoka tu, imekwenda kupumzika."

Bi Sikudhani angeweza kuokoka, kwa kuwa Libenanga alikuwa na moyo wa kibinadamu, kasoro ambayo ilimchelewesha kupanda cheo. Lakini mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kutoka chumba cha ndani, anatabasamu na mikono ameinyoosha. Bi Sikudhani alikuwa wa kwanza nchini kukamatwa kwa kosa la kuibiwa, na wa kwanza hupigwa picha. Wakampiga picha na Waziri, wakampa shada la maua, wakampakia garini.

Alipelekwa Chuo cha Taifa cha Walioibiwa. Kabla ya hapo kilikuwa gereza kuu, ila wezi waliokuwemo ilibidi waachiliwe ili walioibiwa wapate nafasi. Wezi wachache hodari hawakuachiliwa kwenda mbali. Serikali iliwaajiri, pamoja na wenzao wa mitaani ambao hawakuwahi kukamatwa, wawe wawezeshaji wa mafunzo, kwa sababu Mbinu zinasema tumia kilichopo, na hapakuwa na watu waliolifahamu somo zaidi yao. Walipewa mashati ya vitenge, beji za shingoni na chai ya saa nne yenye vitafunwa.

Kila asubuhi wanachuo waliimba wimbo wa kuomba radhi kwa taifa. Kisha walifundishwa jinsi walivyowashawishi wezi kwa kumiliki vitu. Palikuwa na somo la Ubaya wa Kuwa na Redio, na somo la Kulala Usingizi kama Chanzo cha Uhalifu. Mzee Kapilima, fundi baiskeli wa Kibwagizo, aliyeletwa kwa kosa la kuibiwa baiskeli pamoja na bisibisi zake, alisahihishwa mbele ya darasa zima kwa sababu aliendelea kusema "baiskeli yangu."

Mwezeshaji wa darasa la Bi Sikudhani aliitwa Shomvi. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye meno mazuri, na alifundisha kwa mifano hai kwa kuwa wawezeshaji wenye mifano hai ndio waliosifiwa na Profesa.

"Chukulieni kwa mfano," alisema siku moja, "kuna mama mmoja huko Kibwagizo. Amekwenda mkutanoni, ameacha mota kwenye kibanda. Kufuli lenyewe ni la Kichina, unalifungua kwa kijiti. Sasa hapo, ndugu wanasemina, nani amemkosea mwenzake?"

Bi Sikudhani aliinua mkono, akasimama. "Mwalimu, mota hiyo ina doa la rangi ya kijani ubavuni?"

"Inalo, mama. Umefuatilia vizuri."

"Na sasa iko wapi?"

"Swali zuri sana," alisema Shomvi. "Tumpigie makofi mama yetu."

Darasa likampigia makofi. Shomvi akaeleza, bila kuficha wala kuona haya, kwamba mota imenunuliwa kule Kilima cha Heshima wanakokaa mawaziri, kwenye ile nyumba ambayo bustanini mwake maji yanaruka juu yakimwagikia samaki wa saruji. Ndiyo inayoyasukuma maji hayo. Mwenye nyumba alikuwa anatafuta mota yenye nguvu kwa siku nyingi, alisema, na ni mteja mzuri, haombi sana kupunguziwa.

Kila mtu darasani aliijua nyumba hiyo. Ilikuwa ya Mheshimiwa Kashindye Songoro, Waziri wa Utulivu. Mzee Kapilima alikohoa, na Bi Sikudhani akakaa chini taratibu. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko machozi, kwa hiyo hakulia. Alianza kuitika nyimbo kwa sauti kubwa kuliko wanachuo wote, akakubali kila kosa aliloambiwa, akaapa kwa mkono juu kwamba hakuibiwa, na kama aliibiwa basi alijitakia. Wakamwachilia kwa tabia njema.

Huku nje Mbinu zilikuwa zimezaa matunda. Hakuna aliyekwenda tena kituoni. Watu waliibiwa milango, wakatundika shuka. Wakaibiwa shuka, wakajifanya wanapenda hewa. Magazeti yaliandika kwamba uhalifu umekwisha, na Profesa akatembezwa mji mzima ndani ya gari lisilo na taa, maana taa zilikuwa zimeibwa wakati wa maandalizi, jambo ambalo halikutokea.

Lakini palibaki kitu kimoja kilichowaumiza wakubwa vichwa. Katika nchi hiyo ilikuwepo desturi ya kupeana pole. Mtu akipatwa na jambo, msiba, moto au wizi, majirani humwendea. Huyu anabeba kuni, yule sukari, mwingine mkeka. Wanakaa naye, wanamwambia pole, wanarudia tena pole, mpaka moyo wake utulie. Hawaitwi, hawaalikwi, wanakwenda tu. Profesa aliposikia habari hii alifurahi mno. Alisema kumbe nchi inacho chombo cha kugundua wahalifu kisichohitaji hata betri. Askari wakaagizwa wafuate mikeka. Wakiona watu wanaingia nyumba na kuni, na humo ndani hapana maiti wala mgonjwa, basi mwenye nyumba ameibiwa, akamatwe. Na aliyempa pole akamatwe pia kwa kumtia mwenzake moyo wa kuibiwa.

Watu wa Kibwagizo wakatafuta njia yao. Aliyeibiwa alianza kupewa hongera. Siku Mzee Kapilima alipotoka Chuoni akakuta godoro lake nalo halipo, majirani walimwendea na ngoma. Wanawake walipiga vigelegele huku machozi yanawatiririka, wakamwimbia nyimbo za harusi, na yeye mwenyewe akakaa katikati amevaa kofia ya sherehe, akiitikia "asanteni, asanteni" kwa sauti iliyokauka. Askari walipita, wakala pilau kidogo, wakaenda zao. Bi Sikudhani alicheza ngoma hiyo mpaka magoti yakamuuma. Aliporudi nyumbani aliwapikia wajukuu mahindi ya kuchemsha, kwa sababu kusaga kulikuwa mtaa wa mbali, na aliona aibu iliyokuwa yao wote, aibu ya kupiga kigelegele juu ya kidonda cha mtu.

Sifa za nchi zikavuka mipaka. Shirika la Mataifa Tulivu, ambalo makao yake yako mahali pazuri penye theluji, lilituma kombe la dhahabu lenye umbo la mtu amelala usingizi mlango wazi. Waziri Songoro alilipokea kwa niaba ya wananchi, akalipeleka sebuleni kwake kwa niaba ya wananchi. Shirika likaahidi kwamba wajumbe wake watakuja wenyewe, wakalione kombe mahali lilipo, wakae bustanini kwa Waziri, na redio ya taifa itangaze moja kwa moja.

Asubuhi ya siku yenyewe, Shomvi aliingia darasani Chuoni anafuta vumbi kwenye viatu.

"Leo nina mfano mpya kabisa," alisema. "Chukulieni kwa mfano kuna mzee mmoja wa Kilima cha Heshima, ana kombe la dhahabu sebuleni, na walinzi wake wote wamekwenda kupanga viti."

Kufika mchana Kibwagizo nzima ilikuwa na habari, kutoka kwa wanachuo walioachiliwa siku hiyo. Watu waliambiana kwa macho, kwa kuwa mdomo haukuruhusiwa. Bi Sikudhani alikuwa anapepeta mahindi uani. Aliacha ungo, akachukua beseni akalijaza mahindi mazima, akajitwisha, akatia mkeka kwapani.

"Unakwenda wapi na mkeka?" aliuliza Mzee Kapilima kutoka ng'ambo ya njia.

"Nakwenda kumpa mwenzetu pole."

"Sikudhani, watakurudisha kule. Na hawa watoto utamwachia nani?"

Alisita hapo. Wajukuu walikuwa wamekaa kwenye kizingiti cha kibanda kisicho na mota, na kwa kweli hofu ilimshika. Akiondoka asiporudi, hawana mtu. Akibaki, wana mtu asiye na kitu. "Kapilima," alisema mwisho, "mtu akifikwa na jambo huwa tunakwenda. Sisi si watu wa kukaa nyumbani mwenzetu kafikwa. Bisibisi ulishanunua nyingine?"

"Ninazo. Na spana."

"Zibebe."

Mzee Kapilima alimtazama, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa spana. Mke wa Koplo Libenanga alitoka na kuni. Nyumba ya tatu ikatoka, na ya nne, na walipofika njia panda mitaa mingine ilikuwa inajiunga, mikeka vichwani, kuni mabegani, sukari kwenye vikombe, bila ngoma na bila kigelegele. Wanawake walikuwa wamejitanda khanga kama waendao msibani. Watu hao walikuwa wamenyimwa kupeana pole kwa muda mrefu, na ilikuwa imewajaa kooni.

Getini kwa Waziri walimkuta Koplo Libenanga ameletwa kulinda.

"Mama," alisema, "pole imepigwa marufuku kwa mtu aliyeibiwa. Unajua."

"Najua. Kwani Mheshimiwa ameibiwa?"

Koplo alifikiri. Jasho lilimtoka chini ya kofia. "Hapana, mama. Hajaibiwa. Haiwezekani."

"Basi pole yetu haina kosa."

Koplo alilitazama jambo hilo kutoka pande zote, akaona halina mahali pa kulishika, akafungua geti.

Bustanini wajumbe wa Shirika la Mataifa Tulivu walikuwa wamekaa chini ya hema jeupe wanakunywa maji ya matunda. Nyuma yao maji yalikuwa yanaruka juu na kumwagikia samaki wa saruji. Waziri Songoro alikuwa mbele ya kipaza sauti cha redio, anaeleza kwamba kombe limepelekwa kung'arishwa, na Profesa Tabaro akitikisa kichwa kuthibitisha. Watu waliingia mmoja mmoja, kwa adabu, wakatandika mikeka juu ya majani, wakaweka kuni chini, wakakaa. Bi Sikudhani alikwenda mpaka mbele, akatua beseni miguuni pa Waziri, akampa mkono.

"Pole sana, Mheshimiwa."

"Pole ya nini?" alisema Waziri, akicheka kuelekea kipaza sauti. "Mimi sijaibiwa."

"Ndivyo tunavyosema sote, Mheshimiwa. Pole."

"Pole sana," alisema Mzee Kapilima.

"Pole, baba," alisema mke wa Koplo, "Mungu atakupa kingine."

Umati ukaitikia kwa pamoja, kwa sauti ya chini ya watu waliozoea misiba, na kipaza sauti kikaipokea pole hiyo kikaipeleka nchi nzima. Kiongozi wa wajumbe, bibi mwembamba mwenye miwani, aliuliza kuna nini. Waziri alimweleza kwamba hii ni desturi ya wananchi, wana upendo uliopitiliza. Profesa alijaribu kusema jambo kuhusu mgongano, akapotelea katikati ya sentensi.

"Mahindi nimekuletea mazima, Mheshimiwa," aliendelea Bi Sikudhani. "Ningekuletea unga, lakini nimekosa mota. Kama ile pale."

Alizunguka nyuma ya samaki wa saruji. Mota yake ilikuwa imekaa kwenye kijumba cha mabati, inanguruma, na doa la kijani lilikuwa palepale. Alipoliona alishika mdomo. Kisha akapiga swichi, maji yakashuka, na ukimya wa ghafla ukawafanya wajumbe wote wageuke. Mzee Kapilima akapiga magoti na spana.

"Mheshimiwa," alisema Bi Sikudhani kwa sauti ya kufika redioni, "tunaondoka na mota hii mchana huu, wewe unatuona, wageni wanatuona. Nakuuliza kwa heshima, unaibiwa?"

Waziri Songoro alifungua mdomo. Alimtazama yule bibi wa miwani, ambaye alikuwa ameinua kalamu. Alikitazama kipaza sauti. Mshipa ulimsimama shingoni.

"Siibiwi," alisema.

"Asante, Mheshimiwa. Pole."

Mzee Kapilima alipoinuka aliona, kwenye upenu wa nyumba, baiskeli yenye kengele ambayo aliitengeneza kwa mikono yake. Akamwendea Waziri, akavua kofia, akauliza kama kwa kuichukua baiskeli ile atakuwa amemwibia mtu. Waziri akasema hapana. Nyuma yake alikuwepo mama mwenye habari ya sufuria. Nyuma ya mama huyo mwalimu mkuu, aliyekuwa anaitazama kengele ya shule inayotumika kumwitia mpishi. Walipanga foleni. Hakuna aliyemsukuma mwenzake, kwa kuwa kila mtu alitaka kusikia kwa masikio yake. "Na godoro hili, Mheshimiwa?" "Siibiwi." "Na mlango huu wa buluu, ulioandikwa Polisi?" Hapo aliyeuliza alikuwa Koplo Libenanga mwenyewe, amesimama kikakamavu. "Siibiwi," alisema Waziri, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

Wajumbe walikaa wanaandika. Hawakuwa wamepata kuona nchi ambayo nyumba ya waziri inabebwa yote mchana kweupe, kwa amani na utaratibu, na hakuna mtu hata mmoja aliyeibiwa. Yule bibi wa miwani aliguswa sana, akatoa palepale kombe la pili, kubwa kuliko la kwanza, akaliweka mezani mbele ya Waziri. Walipomaliza kupiga makofi, halikuwepo. Meza nayo ilikuwa inatoka getini.

Kesho yake kulipokucha Mbinu za Uvumbuzi zilikuwa zimefutwa. Redio ilitangaza kwamba wizi umerudi kuwa kosa la anayeiba, na kwamba serikali imewasikia wananchi. Profesa Tabaro alirudi ng'ambo, ambako inasemekana anaeleza katika mikutano jinsi alivyofaulu. Na mtu wa kwanza kufika kituo cha Kibwagizo asubuhi hiyo, na kulazimika kubisha hodi kwa kuwa mlango wa buluu ulikuwa umerudi mahali pake, alikuwa Mheshimiwa Kashindye Songoro kwa miguu yake. Kwa mbali mashine ya Bi Sikudhani ilikuwa inanguruma, na foleni ya mabeseni ilikuwa imefika barabarani.

"Koplo," alisema Waziri, "nimeibiwa. Nimeibiwa kila kitu. Na majina ya wezi ninayo."

Koplo Libenanga alisimama akapiga saluti. Alimvutia Mheshimiwa kiti, akamkalisha, akampangusia vumbi begani. Alijua neno ambalo mtu aliyefikwa huambiwa. Lilikuwepo hapo hapo mdomoni, na Waziri alikuwa analingojea, amenyanyua uso. Koplo akalimeza.

"Hongera sana, Mheshimiwa," alisema.